Giza la Saa Kumi na Mbili na Nusu

Kila jioni, jua lilipoanza kushuka nyuma ya mapaa ya Maringo, akina mama walianua nguo, moshi wa majiko ya makaa ukatanda vibarazani, na watoto wakatumwa mferejini kabla foleni haijarefuka. Waithera, binti wa Naftaly, alikuwa mmoja wa watoto hao. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na tangu Januari mwaka huo wa 1976 alikuwa akifanya kazi ya mtu mzima. Akitoka shule alifagia chumba, akaosha vyombo vya asubuhi, akamwogesha mdogo wake Njogu mwenye miaka mitano, kisha akawasha jiko nje ya mlango na kuinjika sufuria ya ugali.

Mama yao, Wakiuru, hakuwapo. Nyanya alikuwa ameteleza huko Kangema akavunjika nyonga, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwinua kitandani. Siku ya kuondoka, Mama alimshika Waithera mkono akampeleka nyuma ya nyumba. Hapo palikuwa na bustani isiyozidi upana wa vitanda viwili, lakini ilikuwa imeshonana kwa sukuma wiki, mchicha, na mmea mmoja wa malenge uliotambaa hadi juu ya ua.

"Unga na maharagwe atanunua baba yako," Mama alisema. "Mboga ni hii. Imwagilie maji kila jioni na uchume kila siku. Wewe na Njogu mmetoka kuugua surua juzi tu, na miili yenu bado haijarudi. Msikae bila majani. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Wiki tatu za kwanza Waithera alishika neno hilo. Alichuma, akaosha, akakatakata, akakaanga. Lakini maji ya bustani yalitaka madebe mawili kila jioni, na mfereji ulikuwa mbali. Majani nayo yalitaka kuoshwa moja moja ili mchanga utoke. Njogu naye alikuwa na tabia ya kuyasukuma pembeni mwa sahani au kuyatema kabisa. Mambo hayo yote yalimchosha.

Nyumba ya pili alikaa Odero, mvulana wa miaka kumi na mitatu. Odero alifuga sungura wanane katika kizimba alichokiunda kwa masanduku ya majani ya chai, na kila siku alitembea mwendo mrefu kandokando ya reli kuwatafutia nyasi. Jioni moja alimkuta Waithera akihangaika na mashina ya sukuma.

"Hayo majani yote mnayala nyinyi watatu?" aliuliza.

"Nani ayale? Njogu anayatema. Yananichosha tu."

Odero akafikiri kidogo. "Basi wape sungura wangu. Mimi nitakuchotea madebe mawili kila jioni. Hutakwenda mferejini tena."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Wakakubaliana hapo hapo. Tangu siku hiyo, Odero alichuma majani akawapelekea sungura, na maji yakaja mlangoni kwa Waithera bila yeye kujitwika. Asubuhi watoto walikunywa chai ya rangi kwa mkate. Mchana walikula mahindi ya kuchemsha. Jioni ilikuwa ugali kwa maharagwe, au ugali kwa chai yenye sukari nyingi, jambo lililomfurahisha Njogu kupita kiasi. Matumbo yalijaa, na Waithera alipata nafasi ya kucheza.

Baba yao alishona turubai za malori katika karakana moja huko Industrial Area. Aliondoka alfajiri kwa miguu na kurudi saa mbili za usiku. Mchana alikula kazini pamoja na wenzake, ambao walichanga na kupika sufuria moja kubwa ya viazi, kabichi, karoti, na nyama siku walipoweza. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini swali moja hakulisahau.

"Mboga mlikula leo?"

"Tulikula, Baba. Sukuma. Yako imekwisha, nimekuwekea maharagwe."

"Vizuri. Nyinyi mkila, mimi nimekula."

Mara ya kwanza Waithera alisema hivyo huku akichochea makaa ili asimtazame. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Mwezi wa Februari ulipokwisha, maneno hayo yalimtoka kama salamu, na hakuyahesabu tena kuwa uongo.

Mambo ya ajabu yalianza Machi. Jioni moja alilipiga teke karai la maji lililokuwa katikati ya mlango, mahali lilipowekwa kila siku. Siku nyingine alimimina uji nje ya kikombe cha Njogu, nusura amchome mguu. Halafu likaja jambo la Mama Odero.

Mama Odero alikuwa mwanamke mrefu, mke wa mfanyakazi wa reli, na jioni alipenda kuketi kwenye kigoda mlangoni pake akichambua mboga. Waithera alikuwa amelelewa vyema. Hata akiwa na mzigo kichwani, alisimama akasema, "Habari ya jioni, Mama Odero?" Sasa alianza kupita hatua mbili tu kutoka kwenye kigoda, uso mbele kama askari wa gwaride, pasipo neno. Siku ya kwanza Mama Odero alidhani mtoto ana mawazo. Siku ya pili alinyamaza kusudi, amtazame. Siku ya tatu alimsubiri Naftaly arudi kutoka kazini, akamweleza.

"Waithera," Baba alisema akivua viatu, "nasikia siku hizi humsalimu Mama Odero. Umekuwa mkubwa kiasi hicho?"

"Sikumwona, Baba."

"Hukumwona? Mama Odero ni sindano?"

Njogu alicheka mpaka akapaliwa. Waithera hakucheka. Alikuwa amesema kweli, na kweli yenyewe ilimtisha.

Aliielewa vizuri zaidi Jumamosi iliyofuata, walipokuwa wakicheza kati uwanjani. Wasichana wawili walirusha mpira kutoka pande mbili, na aliye katikati alipaswa kuukwepa. Waithera alikuwa hodari wa kati. Jua lilizama, mchezo ukaendelea, na mara mpira ukampiga usoni kwa kishindo.

"Mbona hukuinama?" wenzake walipiga kelele. "Umelala?"

"Giza limeingia," alisema. "Twendeni nyumbani."

"Giza gani? Hata taa za barabarani hazijawashwa!"

Waithera aliinua uso. Mbingu ilikuwa bado nyeupe juu ya nyumba. Lakini chini, pale wenzake walipokuwa wakikimbia na kucheka, yeye aliona kitu kama masizi tu. Wenzake wote walikuwa wakionana, na yeye peke yake alikuwa gizani.

Hakumwambia mtu. Kwenye Jogoo Road, karibu na mahakama ya Makadara, palikuwa na mzee kipofu aliyeongozwa kwa fimbo na mjukuu wake, na Waithera alikuwa amesikia kwamba watoto wasioona hupelekwa shule za mbali, wasirudi mpaka likizo. Akaamua kuficha. Mchana aliona kama kawaida, basi kazi zote alijitahidi kuzimaliza mapema. Alihesabu hatua kumi na nne kutoka mlangoni hadi chooni, na kumi na moja hadi kwenye kamba ya nguo. Ikiwa lazima aende dukani jioni, alimshika Njogu mkono. Waliowaona walisema, tazama dada anavyomtunza mdogo wake. Kumbe mdogo ndiye aliyemwongoza dada.

Mama Odero ndiye aliyemgundua. Jioni moja alisimama mbele ya Waithera njiani, akamnyooshea kipande cha kiazi kitamu.

"Shika," alisema.

Waithera alinyoosha mkono upande wa kushoto. Kiazi kilikuwa kulia. Akapapasa hewa, akapapasa tena.

"Mwanangu," Mama Odero alisema taratibu, "mimi unaniona?"

"Nakusikia."

Mama Odero alimshika mkono. Alimpeleka nyumbani akakaa naye mpaka Naftaly aliporudi.

"Baba Waithera," alisema, "nilikuja hapa nikamshtaki mtoto huyu kuwa ana kiburi. Nimekuja kuyafuta maneno yangu. Hana kiburi. Jua likizama, mtoto huyu haoni."

Asubuhi Baba aliomba ruhusa kazini, akampeleka Waithera kwenye zahanati. Walipokewa na muuguzi aliyeitwa Sista Nerima, mwanamke mfupi mwenye saa iliyoning'inia kifuani. Sista alimulika macho ya Waithera kwa kurunzi, akauliza kama aliwahi kuanguka, kama kichwa kinamuuma, na kama aliwahi kuugua surua.

"Desemba," Baba alijibu. "Wote wawili, yeye na mdogo wake."

"Na chakula? Nyumbani mnakula nini?"

Hapo Baba aliketi wima. "Chakula kizuri, Sista. Mama yao aliwaachia bustani. Hawa wanakula mboga kila siku."

Sista Nerima alimgeukia Waithera. "Ni kweli? Kila siku?"

Waithera aliitazama kofia ya Baba iliyokuwa magotini pake. Baba alikuwa ameisema habari ile kwa fahari kubwa. "Kila siku," alijibu. "Sukuma na mchicha."

"Kila siku?" Sista aliuliza tena.

"Ndiyo, Sista."

Sista aliandika kidogo, akakata maandishi, akaandika tena. "Basi kama ni hivyo, jambo hili linanizidi," alisema. "Nilikuwa na dawa niliyoifikiria, lakini ni kali, na ninayo chache. Haigawiwi kwa kubahatisha. Nitawaandikia barua mwende kwa madaktari wa macho katika hospitali kubwa. Watawaona baada ya wiki mbili."

Njiani kurudi nyumbani Baba alimshika mkono wakavuka barabara. Kisha akasema, "Usiogope. Hata ikiwa..." Akaacha hapo. Waithera aliisikia pumzi yake ikienda haraka kama ya mtu aliyebeba mzigo. Aliwaza, macho na mboga vinajuana wapi? Lakini swali la Sista lilimkaa kichwani: kwa nini aliniuliza mara mbili?

Siku nne zikapita. Ijumaa jioni mafuta ya taa yalikaribia kuisha, na Waithera akamshika Njogu mkono kama kawaida wakaenda dukani. Walipokuwa wakirudi, chupa mkononi, Njogu alikwenda moja kwa moja hadi ukingoni mwa mtaro wa maji ya mvua, wakatumbukia wote wawili. Chupa ilipasuka. Njogu alichubuka paji la uso, akaangua kilio.

"Mbona umeniingiza mtaroni?" Waithera alifoka akimtafuta kwa mikono. "Huoni?"

"Sikuuona," Njogu alilia. "Kuna giza, Waithera."

Ng'ambo ya barabara watoto walikuwa wakicheza mpira. Sauti zao zilisikika wazi: "Nipe! Hapa! Goli!" Watoto hawachezi mpira gizani. Waithera alisimama mtaroni, maji machafu yakimfika vifundoni, akamkumbatia mdogo wake.

Odero, aliyekuwa miongoni mwa wale wachezaji, alikuja mbio akawatoa, akawafikisha nyumbani. Waithera aliwasha taa ya kandili kwa mafuta kidogo yaliyosalia ndani yake, akaisogeza karibu na uso wa Njogu. Macho ya mtoto hayakung'aa. Yalikuwa makavu kama kioo chenye vumbi, na pembeni mwa jicho la kushoto palikuwa na alama nyeupe, mithili ya povu la sabuni.

Akakaa chini kufikiri. Yeye na Njogu walikunywa maji yale yale aliyokunywa Baba. Walilala chumba kimoja naye. Baba hakuugua. Baba alitofautiana nao kwa jambo moja tu: mchana alikula kazini, kwenye sufuria yenye kabichi na karoti. Na Sista aliuliza mara mbili.

Baba alipoingia, Waithera hakungoja aulizwe.

"Baba, sisi hatuli mboga."

Baba alikuwa akivua kofia. Mkono ukabaki hewani. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza ulipoisha. Majani nilikuwa nampa Odero, kwa sungura wake. Yeye akanichotea maji."

"Na kila siku nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya." Alimvuta Njogu karibu naye. "Na Sista nilimdanganya. Sasa Njogu pia haoni. Baba, Njogu haoni!"

Baba aliweka kofia chini. Aliichukua kandili, akamtazama Njogu machoni kwa muda mrefu, kisha akatoka nayo nyuma ya nyumba. Alipomulika bustani, aliona mashina marefu matupu kama fimbo, na vijani vichache vichanga juu kabisa. Alirudi, akanawa mikono, akamfunga Njogu kitambaa kwenye paji la uso.

"Umefanya vibaya," hatimaye alisema. "Lakini umesema. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lala. Alfajiri tunakwenda kwa Sista."

Sista Nerima alipomulika macho ya Njogu, aliita mwenzake aje atazame. Waithera alisimama mbele ya meza, akaeleza kila kitu tangu siku ya sungura, na safari hii aliitazama sura ya Sista bila kukwepa. Alipomaliza, Sista alifungua kabati, akatoa kichupa chenye vidonge laini, vya mviringo, rangi ya mafuta. Alikata ncha ya kimoja kwa mkasi, akakikamulia kinywani mwa Njogu.

"Meza, usiteme." Kisha akamgeukia Waithera. "Na wewe."

Dawa ilikuwa na ladha ya samaki. Waithera aliimeza.

"Hii ni vitamini A," Sista alisema. "Watapata nyingine kesho, na ya mwisho baada ya wiki mbili. Surua iliila akiba yote ya miili yao, na baadaye hamkuirudishia. Baba, nisikilize vizuri. Huyu mkubwa amefika mwanzo wa njia. Huyu mdogo alikuwa amekwenda mbali. Mngeingoja ile siku ya hospitali, kidonda kingeweza kuingia kwenye kioo cha jicho, na kioo hicho kikiharibika hakuna dawa ya kukirudisha."

Baba alifuta uso kwa kofia. "Lakini Sista, hawa hawakulala njaa hata siku moja. Walishiba."

"Walishiba, ndiyo. Wewe unafanya kazi gani?"

"Nashona turubai za malori."

"Turubai moja ina uzito gani?"

"Nzito. Wanaume wawili huibeba."

"Na uzi ulio ndani yake?"

Baba alitabasamu kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. "Uzi? Uzi hata ukiutia mfukoni huusikii."

"Na bila uzi huo?"

"Bila uzi hakuna turubai. Ni vitambaa tu, upepo utavichukua."

"Ndivyo mwili ulivyo," Sista alisema. "Ugali na maharagwe ndicho kitambaa. Vitamini na madini ndio uzi. Mwili unavihitaji kwa kiasi kidogo mno, huwezi kuviona kwenye sahani, lakini vikikosekana kila kitu huachana. Vitamini A hulinda macho. Ukikosa vitamini C, fizi hutoka damu na vidonda havifungi. Kuna madini ya chuma, hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Mtoto akiyakosa hupauka, akipanda ngazi mbili tu anahema. Madini ya chokaa hujenga mifupa na meno, nayo yanasaidiwa na vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ukiota jua. Hata kile kivimbe cha shingoni mnachokiona kwa watu wengine, mara nyingi ni kukosa iodini, ambayo siku hizi unaweza kuipata kwenye chumvi."

"Na hayo yote yako kwenye sukuma?" Waithera aliuliza.

"Mengi, si yote. Ndiyo maana hatuli kitu kimoja kila siku. Kula majani ya kijani, karoti, papai, viazi vitamu vyenye rangi ya manjano ndani, maharagwe, maziwa, mayai, na maini ukiyapata. Kaanga majani kwa mafuta kidogo, kwa maana vitamini A haiingii mwilini bila mafuta. Usiyachemshe mpaka yawe kama matope, na maji yake usiyamwage." Sista alifunga kile kichupa na kukirudisha kabatini. "Na hivi vidonge si peremende. Vikizidi, vinadhuru. Mboga hazina shida hiyo."

Jumatatu jioni, Waithera alikuwa mlangoni akichochea jiko. Jua lilikuwa limezama. Aliinua kichwa kutafuta kibiriti, akaona nguo kwenye kamba. Aliona shati la Baba, kisha kaptura ya Njogu yenye kiraka, na nyuma yake ukuta wa nyumba ya pili, na mbele ya ukuta mwanamke mrefu juu ya kigoda.

"Habari ya jioni, Mama Odero?" aliita kwa sauti iliyopasuka.

Mama Odero aliangusha mboga chini. "Nzuri, mwanangu! Nzuri sana! Nina nini mkononi?"

"Kisu!"

"Haya, na mkono wa pili?"

"Hakuna kitu, Mama Odero. Unanijaribu."

Mama Odero akacheka mpaka majirani wakachungulia.

Njogu alichukua siku chache zaidi, lakini wiki ilipokwisha alikuwa akikimbia jioni bila kushika mkono wa mtu. Odero, aliposikia habari yote, alikaa siku mbili bila kuja. Siku ya tatu alifika na jembe la mama yake na kikapu cha samadi ya sungura.

"Sikujua kwamba ndiyo mboga yenu yote," alisema akitazama chini.

"Ungejuaje? Sikukwambia," Waithera alijibu.

Walilima pamoja. Odero alijitolea kuendelea kuchota maji, lakini Waithera alikataa. Alijitwika debe lake mwenyewe, na Odero akajitwika la mama yake, wakaenda mferejini pamoja. Mama Odero aliwapa majani kutoka kwake mpaka bustani iliposhika, akamwonyesha Waithera kukatia majani ya malenge mapema na kuyachanganya na karoti iliyokwaruzwa na kitunguu. Njogu aliyala na kuomba tena. Mama aliporudi kutoka Kangema mwezi wa Mei, Nyanya akiwa ameanza kutembea kwa mkongojo, Waithera alimweleza mwenyewe kabla Baba hajafungua kinywa. Mama alilia kwanza, kisha akaenda kuitazama bustani.

Lakini kabla ya hapo, ile siku ya dozi ya mwisho, Waithera na Njogu walirudi zahanati pamoja na Baba. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, na mabenchi yalijaa akina mama na watoto wachanga. Sista Nerima alimpa kila mmoja dawa yake, akamulika macho ya Njogu, akaguna kwa kuridhika. Kisha akamshika Waithera bega.

"Simama hapa mbele," alimwambia. "Waeleze hawa mama zako yaliyokupata. Yote."

Waithera alimtazama Baba. Baba akatikisa kichwa kukubali. Basi akasimulia habari za surua, bustani, sungura, karai, mpira na mtaro. Alipofika mahali pa uongo, alisita kidogo.

"Nilimwambia Baba tumekula mboga," alisema. "Nilimwambia na Sista. Hatukuwa tumekula."

Mzee mmoja wa kike alisonya. Sista Nerima aliinua mkono.

"Msimlaumu. Wangapi hapa huniambia, 'Sista, mtoto anakula vizuri,' ili nisiwagombeze?" Akatupa macho benchi hadi benchi. "Mimi unaweza kunidanganya. Baba yako unaweza kumdanganya, kwa sababu yuko kazini. Mwili haudanganyiki. Mwili hausikilizi maneno ya kinywani, unasikiliza kilichopita kinywani. Ukiupa unachostahili kidogo kidogo kila siku, utakutumikia. Ukiunyima, utanyamaza mwezi mmoja, utanyamaza miezi miwili, halafu utadai siku moja kwa nguvu. Na siku hiyo ukija kwangu, mtu wa kwanza kukutibu ni wewe mwenyewe, kwa kusema kweli. Dawa yangu inafuata nyuma. Msichana huyu alichelewa kusema kweli, lakini alisema kabla jicho la mdogo wake halijapotea. Sikumbuki wengi waliowahi hivyo."

Baba aliweka kofia kichwani, tayari kwenda. Waithera naye alikuwa amemshika Njogu mkono. Ndipo mama mmoja kijana, mwenye mtoto aliyepauka mapajani, alipomvuta gauni kutoka kwenye benchi la nyuma.

"Wewe msichana," alinong'ona, "huyu wangu pia huyatema majani. Unayapika vipi hata huyo mdogo wako ayale?"

Waithera alimwomba Baba angoje kidogo, akakaa kando ya yule mama, akaanza kumweleza.